Msumeno wa Mnyororo: Wa Zamani au Mpya?

Mazungumzo kwa wakulima wenye miti katika Nyanda za Juu za Kusini



Leo sitazungumza habari za mbegu wala za mbolea. Nataka tuzungumze habari za chombo kinachoingia shambani baada ya miaka mingi ya kungoja, yaani msumeno wa mnyororo, ambao wengine huuita chensoo na wengine msumeno wa moto.

Wengi wenu hapa Njombe, Mufindi na Kilolo mna miti ya paina au mikaratusi kando ya mashamba ya mahindi na viazi. Ndugu zetu wa Mbozi wana migrivilea iliyopandwa ili kuitilia kahawa kivuli. Miti hiyo ni akiba. Ndiyo ada ya shule, ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo mahari ya kijana. Lakini siku ya kuikata akiba hiyo ni siku ya hatari. Mtu aweza kupoteza mguu, au kumpoteza ndugu yake, au kupoteza fedha zote za miti kwa kununua mashine isiyofaa.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: "Bwana Shamba, ninunue msumeno wa zamani ulio imara, au ninunue mpya wa kisasa?" Watu wengine husema kwamba mashine za zamani zilitengenezwa kwa chuma cha kweli, na za siku hizi ni plastiki tupu. Wengine husema kwamba kitu cha zamani ni takataka. Wote wawili wana sehemu ya kweli, lakini wote wawili wanauliza swali lisilo lenyewe. Usiulize kwanza mashine ina miaka mingapi. Uliza mambo matatu, tena kwa taratibu hii:

1. Je, mashine hii italinda mwili wa mtu anayeishika?
2. Je, ikiharibika, yuko fundi, na viko vipuri, katika umbali wa safari ya siku moja?
3. Je, nina kazi ya kutosha ili mashine ijilipe yenyewe?

Ukijibu vizuri maswali hayo, utajua la kufanya. Sasa tuyatazame moja moja.

MASHINE HII ILIVYOBADILIKA

Kwanza yafaa tujue maana ya "zamani" na maana ya "mpya," maana watu huyatumia maneno hayo ovyo.

Mwaka 1926 Andreas Stihl, huko Stuttgart, Ujerumani, alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme. Ulikuwa na uzito wa kilo 64, na ulihitaji watu wawili kuushika. Mwaka 1947 Joseph Cox, huko Oregon, Marekani, alianza kuuza mnyororo wenye meno yaliyopinda. Mfano wake aliupata kwa kumtazama buu atafunaye mbao, jinsi anavyokula kushoto na kulia. Meno ya misumeno yetu ya leo bado ni ya namna hiyo. Mwaka 1959 ulitoka msumeno wa Stihl Contra, wenye uzito wa kilo 12, ambao mtu mmoja aliweza kuufanyia kazi kutwa. Mwaka huo huo Husqvarna wa Uswidi nao walitoa msumeno wao wa kwanza.

Mashine za wakati ule zilikuwa na nguvu, lakini hazikumhurumia mtu. Ndipo yakaja mabadiliko mawili makubwa. La kwanza ni mishikio iliyotengwa na injini kwa mipira, ili mtikisiko usiifikie mikono. Stihl walianza mwaka 1964, na Husqvarna mwaka 1969. La pili ni breki ya mnyororo, ambayo Stihl waliitoa mwaka 1972 na Husqvarna mwaka 1973.

Badiliko la tatu ni la juzi tu. Karibu na mwaka 2010 makampuni haya yalianza kuuza misumeno yenye kompyuta ndogo ndani yake, ambayo hupima mchanganyiko wa petroli na hewa na kuurekebisha yenyewe wakati mashine inafanya kazi.

Basi, misumeno ya wakata miti wa kazi tuigawe katika vizazi vitatu. Kizazi cha kwanza ni ile isiyo na breki wala mipira ya mishikio. Kizazi cha pili ni ile yenye breki na mipira, na kabureta yake hurekebishwa kwa bisibisi. Kizazi cha tatu ni ile yenye kompyuta.

SWALI LA KWANZA: JE, ITALINDA MWILI?

Kwa kizazi cha kwanza jibu langu ni fupi. Usinunue. Hata ukipewa bure, usiuingize shambani. Sababu zake ni hizi.

Mnyororo unapokwenda kwa kasi yote hupita zaidi ya mita 20 kwa nukta moja. Sehemu ya juu ya ncha ya ulimi wa chuma ikigusa tawi au gogo, meno hushika kuni ghafula, na msumeno wote hurushwa juu na nyuma, kuelekea usoni na shingoni mwa mkataji. Jambo hili hutokea upesi kuliko mtu awezavyo kukaza mkono. Ustadi wa miaka 20 hausaidii, kwa sababu akili haipati nafasi ya kufikiri. Breki ya mnyororo iliwekwa kwa ajili ya mshtuko huo. Msumeno unaporuka, ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto husukumwa, na mnyororo husimama mara moja.

Tena kuna mtikisiko. Mtu anayeshika mashine inayotetemeka miaka mingi hupatwa na ugonjwa wa vidole. Vidole hugeuka vyeupe wakati wa baridi, hufa ganzi, na mwishowe hashiki hata kifungo cha shati. Ninyi mnaoishi katika baridi ya Njombe na Makete mnajua asubuhi zetu zilivyo. Baridi na mtikisiko vikikutana, ugonjwa huo huja upesi zaidi, na ukizidi hauponi.

Katika nchi yetu unajulikana sana msumeno wa Stihl 070, kwa kuwa umepasua mbao nyingi katika Afrika. Injini yake ina sentimita za ujazo 106 hivi, na uzito wake unazidi kilo 10 kabla ya kufungwa ulimi na mnyororo. Ni mashine ya chuma kweli kweli. Lakini umbo lake ni la miaka ya 1960, na nyingi zilizomo mikononi mwa watu hazina breki ya mnyororo. Nguvu zake ni za kupasulia magogo makubwa ya msituni. Mpaina wa unene wa sentimita 30 hauhitaji nguvu hizo, na kijana anayebeba mashine hiyo kutwa nzima kwenye mteremko huchoka. Mkata miti aliyechoka ndiye anayejikata.

Basi hapo hakuna haja ya kubishana juu ya uimara. Mashine yaweza kudumu miaka 40, lakini mguu uliokatwa hauoti tena.

SWALI LA PILI: YUKO FUNDI, NA VIKO VIPURI?

Sasa twaja kwenye mashindano ya haki, kati ya kizazi cha pili na kizazi cha tatu. Vyote viwili vina breki. Vyote viwili vina mipira au springi za kuzuia mtikisiko. Hapa ndipo mkulima anapopaswa kufikiri kwa makini.

Watu wengi hudhani kwamba mpya una nguvu zaidi na ni mwepesi zaidi. Si lazima iwe hivyo. Tutazame mfano mmoja. Husqvarna 372XP ni msumeno wa kizazi cha pili ambao wakata miti wengi duniani huusifu. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 71 hivi, nguvu zake ni karibu kilowati 4, na uzito wake ni kilo 6 na kidogo. Mwaka 2018 ulitoka ndugu yake, 572XP, wenye injini ya ukubwa ule ule. Nguvu zake ni kilowati 4.3, na uzito wake ni kilo 6.6. Mnaona kwamba nguvu zimeongezeka kidogo tu, na uzito nao umeongezeka kidogo. Faida ya mpya iko mahali pengine.

Faida ya kwanza ni mafuta. Injini za kisasa hazimwagi petroli mbichi katika moshi kama za zamani. Watengenezaji husema kwamba unaweza kuokoa hata sehemu moja kwa tano ya mafuta. Kwa mtu anayekata miti kila siku, hizo ni fedha nyingi mwisho wa mwaka. Kwa mtu anayekata siku nne kwa mwaka, ni fedha za chumvi.

Faida ya pili ni moshi mchache, na hilo ni jema kwa mapafu ya mkataji.

Faida ya tatu yatuhusu sisi hasa tunaoishi milimani. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kiasi cha sehemu moja kwa tano hivi. Kwa hiyo msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam ukiletwa huku hunywa petroli kupita kiasi. Hutoa moshi mweusi, huchafua plagi, na hukosa nguvu. Fundi huukaza kwa bisibisi mpaka ulie vizuri. Sasa mtu akiuchukua msumeno huo akashuka nao bonde la Kilombero, ambako hewa ni nzito, injini hupata petroli kidogo mno. Na kwa kuwa oili ya injini hii huja pamoja na petroli, oili nayo hupungua. Injini hulia kwa sauti nyembamba nzuri, mkataji hufurahi kwamba mashine ina kasi, na katika muda mfupi pistoni huungua na kung'ang'ania ndani ya silinda. Mashine ya kizazi cha tatu hujirekebisha yenyewe mahali popote, wala haihitaji bisibisi.

Lakini jambo hilo lina upande wa pili. Mashine isiyohitaji bisibisi haimsikii fundi mwenye bisibisi. Kompyuta yake ikiharibika, au waya wake ukikatwa na panya, fundi wa kijijini hana la kufanya. Lazima ipelekwe kwa wakala mwenye chombo cha kuipima. Wakala yuko wapi? Kama yuko Makambako au Iringa mjini, na wewe uko Makambako au Iringa, hakuna taabu. Kama wakala wa karibu yuko Dar es Salaam, nawe uko Ludewa, basi umenunua mashine itakayokaa chini ya kitanda wakati wanunuzi wa magogo wanapita barabarani.

Mashine ya kizazi cha pili ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba yafahamika. Fundi wa pikipiki mwenye akili aweza kusafisha kabureta yake, kubadilisha plagi, na kufunga pistoni mpya. Vipuri vyake vimeenea. Makampuni makubwa bado huuza, katika nchi nyingi kama zetu, misumeno mipya kabisa yenye kabureta ya bisibisi. Kwa hiyo usifikiri kwamba ukitaka kizazi cha pili lazima ununue kilichotumika.

Shauri langu ni hili. Kabla ya kununua, fanya safari ya kwenda kwa wakala na fundi bila fedha mfukoni. Waulize vipuri vitano: pistoni na silinda yake, kabureta, mipira ya mishikio, utepe wa breki, na kamba ya kuwashia. Waambie wakuonyeshe vilivyomo dukani. Usikubali neno la "vitakuja wiki ijayo." Mashine ambayo vipuri vyake viko dukani ndiyo yako, iwe ya kizazi cha pili au cha tatu.

SWALI LA TATU: JE, KAZI IPO YA KUTOSHA?

Ukipanda miti kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, ekari moja huchukua miti kama 450. Mtu mwenye nusu ekari ana miti 225. Wakati wa kupunguza miti atakata sehemu yake tu, na wakati wa mavuno atakata iliyobaki. Kazi hiyo ni ya siku chache katika miaka kumi au kumi na mitano. Mtu huyo hana haja ya kununua msumeno wa mnyororo. Miti myembamba ya kupunguzwa aikate kwa msumeno wa mkono. Kupogolea matawi pia ni kazi ya msumeno wa mkono wenye mpini mrefu, wala si kazi ya panga, maana panga huacha kidonda kinachooza. Siku ya mavuno na akodi mkataji.

Mwenye ekari kumi, au anayekata kwa ujira katika vijiji vingine, huyo anunue. Lakini asinunue ukubwa wa kujivunia. Kwa paina na mikaratusi isiyozidi unene wa sentimita 40, injini ya sentimita za ujazo 50 na ulimi wa sentimita 38 hadi 45 zatosha. Injini ya 70 ni kwa miti minene na kazi ya kila siku. Kumbukeni pia kwamba huku juu kila injini hupoteza sehemu ya nguvu zake, kwa hiyo usichague kwa kusoma karatasi ya tangazo peke yake. Omba kuujaribu kwenye gogo.

Unapohesabu bei, usihesabu mashine tu. Ongeza minyororo miwili ya akiba, tupa za kunolea, plagi, oili, kofia ngumu yenye kinga ya uso na masikio, glovu, buti, na suruali ya kinga yenye nyuzi za kusimamisha mnyororo. Kama fedha zako zatosha mashine peke yake, hazijatosha. Ngoja.

Wakulima kumi wakishirikiana waweza kununua msumeno mmoja mzuri. Lakini ushirika huo uwe na mkataji mmoja aliyefundishwa, daftari moja la saa za kazi na matengenezo, na kiasi cha fedha kinachowekwa kila siku ya kazi kwa ajili ya vipuri. Msumeno unaoshikwa na kila mtu hautunzwi na mtu yeyote.

KAMA UNANUNUA ULIOTUMIKA

Msumeno wa kizazi cha pili uliotumika waweza kuwa mali, na waweza kuwa hasara. Nenda mchana, pamoja na fundi wako, ukatazame mambo haya:

1. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika. Uliza kwa nini.

2. Zima swichi, shika mpini wa kamba ya kuwashia, na uinue mashine kwa kamba hiyo. Injini nzuri huning'inia na kushuka polepole. Ikianguka kama mzigo, silinda imekwisha.

3. Mwombe fundi afungue bomba la moshi atazame pistoni. Iwe laini. Ikiwa na mikwaruzo ya kutoka juu kwenda chini, injini hiyo imekwisha kung'ang'ania mara moja.

4. Tazama mipira au springi za mishikio. Mpira uliopasuka ubadilishwe kabla ya kazi.

5. Tazama kile kipande kidogo chini ya mahali mnyororo unapoingilia, cha kuudaka ukikatika. Watu wengi hukipoteza wasikirudishe.

6. Bonyeza akseleta bila kushika kile kipande cha usalama kilicho juu ya mshikio wa nyuma. Haitakiwi kusogea.

7. Washa mashine chini ukiwa umeishika kwa mikono miwili. Injini ikinguruma polepole, mnyororo usizunguke. Kisha uongeze moto, na usukume kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono bila kuachia mshikio. Mnyororo lazima usimame papo hapo. Usiposimama, usinunue mpaka breki itengenezwe mbele ya macho yako.

8. Elekeza ncha ya ulimi juu ya kisiki cheupe, bila kukigusa, na uongeze moto. Utaona mstari wa oili. Usipouona, mnyororo haupati oili.

9. Kata gogo kwa dakika kumi, zima, kisha washa tena mashine ikiwa ya moto. Mashine mbovu nyingi hujificha wakati wa baridi na kujifichua wakati wa joto.

10. Andika namba ya mashine na udai hati ya mauzo. Mashine isiyo na namba ni ya wizi au ya kuiga.

Na hapo niseme neno juu ya mashine za kuiga. Siku hizi madukani kuna misumeno iliyopakwa rangi na kuandikwa jina ili ifanane na ile inayojulikana, lakini si yenyewe. Bei yake ni ndogo ajabu, na hapo ndipo mtego ulipo. Breki yake huenda ipo kwa sura tu. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Nunua kwa wakala anayejulikana, mwenye karakana nyuma ya duka.

KUITUNZA MASHINE

Mashine nzuri isiyotunzwa haina tofauti na mbovu. Wahenga walisema bandu bandu humaliza gogo, na uchafu wa kila siku huimaliza injini kwa njia hiyo hiyo.

Petroli ya msumeno huchanganywa na oili. Fuata kitabu cha mashine yako. Kwa oili nzuri ya injini hizi kipimo cha kawaida ni moja kwa 50, yaani mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Pima kwa chombo, usipime kwa jicho. Usiweke mchanganyiko zaidi ya mwezi mmoja. Petroli ya kununuliwa katika chupa kando ya barabara ichujwe kwa kitambaa safi, au bora isitumike kabisa. Mashine ya kizazi cha tatu haisamehe petroli chafu, ingawa kompyuta yake ni hodari.

Usilainishe mnyororo kwa oili chafu iliyomwagwa kutoka gari. Ina chembe za chuma zinazokula ulimi, na huurukia mwili wako na shamba lako.

Safisha chujio la hewa kila jioni. Noa meno kila unapojaza mafuta, kwa tupa ya duara yenye kipimo cha mnyororo wako, na kila jino lipigwe mara sawa na mwenzake. Msumeno uliolewa na kazi hutoa vumbi, na msumeno mkali hutoa vipande. Ukiona vumbi, simama unoe. Mtu anayesukuma msumeno butu ndiye anayeteleza.

KAMA UNAKODI MKATAJI

Wengi wenu hamtanunua, mtakodi. Nanyi mna wajibu. Anayefanya kazi shambani mwako ni mgeni wako, na damu yake ikimwagika, itamwagika katika ardhi yako. Kabla hajaanza, mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, nionyeshe breki ya mnyororo inavyofanya kazi." Kama mashine haina breki, au breki imefungwa kwa waya, mshukuru na umtafute mwingine. Hata kama anatoza nusu ya bei, mwache aende. Watoto, akina mama wanaookota kuni, na ng'ombe wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti unaokatwa. Kama mti umesimama katikati ya kahawa, kubalianeni kwanza utaangukia mstari gani, maana mgrivilea mmoja ukilala vibaya waweza kuvunja kahawa ya miaka mingi.

Tena, kabla ya kununua mashine na kabla ya kukata, pitia ofisi ya misitu ya wilaya uulize habari za kuandikisha msumeno, na vibali vya kukata na kusafirisha. Ni afadhali kuuliza kuliko magogo kukamatwa barabarani.

MWISHO

Ndugu wakulima, nitayarudia maneno yangu ili mwende nayo nyumbani. Msumeno usio na breki wala mipira ya mishikio, usinunue kwa bei yoyote. Kati ya wenye kabureta ya bisibisi na wenye kompyuta, chagua ule ambao fundi wake na vipuri vyake viko karibu nawe. Kama wakala wa kompyuta yuko karibu na unakata kila siku, nunua mpya, utaokoa mafuta na mapafu. Kama uko mbali, wa bisibisi wenye breki nzuri utakufaa zaidi, na usione haya kwamba si wa mtindo wa sasa. Na kama miti yako ni michache, kodi.

Miti yenu imesimama miaka kumi na mitano. Haitakimbia ikingoja wiki moja zaidi ili mpate mashine inayofaa na mtu anayejua kuishika.

Kama mna maswali, yaleteni sasa, au njooni ofisini kwangu siku ya soko.